Mwacheni Ismene Arudi Jukwaani

Wiki mbili kabla ya onyesho letu, mwongozaji alikuja mazoezini na kalamu nyekundu. Usiku wa sanaa tulikuwa tumepewa dakika 20 tu, na maandishi yetu yalikuwa yanakula dakika 27. Akaanza kusoma huku anakata. Alipofika pale Ismene anaporudi, akapiga mstari ukurasa mzima. "Hapa hapana kazi," akasema. "Huyu dada alishakataa mwanzoni, watu wameshamwelewa. Turuke twende kwa Antigone na Creon, ndiko kwenye moto."

Ismene mwenyewe nilikuwa mimi. Mtasema nilibisha kwa sababu nilikuwa natetea nafasi yangu, na kwa jioni ile ni kweli kabisa. Hakuna mwigizaji anayependa kukatwa. Lakini onyesho limepita, maleba tumesharudisha, na bado nabisha. Nadhani kosa ambalo tungelifanya kwa kalamu ile nyekundu ndilo tunalolifanya kila siku hapa chuoni, na wanaolifanya zaidi ni watu wazuri, wale wenye msimamo.

Kwa ambaye hajaisoma: Antigone ni tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa Athene, na ilionyeshwa karibu mwaka 441 KK. Sophocles si mgeni kabisa kwenye Kiswahili. Tamthilia yake nyingine, ile ya Mfalme Oedipus, ilitafsiriwa na Samuel Mushi ikatoka mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Antigone ni binti wa mfalme huyo. Kaka zake wawili, Eteocles na Polynices, wamegombea kiti cha Thebes hadi wakauana siku moja. Creon anashika utawala na kutoa amri: Eteocles azikwe kwa heshima, lakini Polynices, aliyekuja na jeshi la kigeni kuupiga mji wake mwenyewe, aachwe nje aliwe na ndege na mbwa. Atakayemzika atauawa.

Antigone anamzika. Kwa hadhira ya kwetu huna haja ya kueleza sana uzito wa jambo hilo. Nani kati yetu hajawahi kusogea kaburini akatupia udongo kwa mkono wake? Antigone anafanya hichohicho, anaunyunyiza udongo juu ya mwili wa kaka yake. Kabla ya kwenda, anamwomba dada yake Ismene waende pamoja. Ismene anakataa.

Hapo ndipo madesa yanapomalizana naye. Nimefundishwa tamthilia toka kidato cha kwanza, najua tunavyofanya: mhusika, tabia zake, kielelezo. Antigone: jasiri, mwenye msimamo, mwanamapinduzi. Creon: dikteta. Ismene: mwoga, asiye na msimamo. Andika, funga daftari, subiri mtihani. Nilipopewa nafasi hiyo nilisikitika kidogo. Nilijua nitasimama mbele ya chuo kizima kuwa mwoga kwa dakika tano, kisha nikae pembeni niwashike wenzangu maji ya kunywa.

Tulifanyia mazoezi kwenye vimbweta kwa sababu ukumbi haukupatikana. Jioni saa kumi na mbili, watu wengine wanapiga msuli meza ya pili, sisi tunapigiana kelele kuhusu maiti. Tulikuwa na maandishi ya Kiingereza na tukajitafsiria wenyewe ile sehemu tuliyoitaka. Tatizo la kwanza likajitokeza mstari wa kwanza tu: Antigone anamwita Ismene nani?

Kwa Kiingereza neno ni moja, halijali nani alitangulia kuzaliwa. Kwa Kiswahili ukisema "dada" umeshampa mtu umri na heshima, ukisema "mdogo wangu" umempa mwingine. Tulitafuta kwenye maandishi, hatukuona mahali panaposema wazi nani mkubwa. Ikabidi tuamue. Mwanzo tulimfanya Antigone kuwa mkubwa, ikawa nikikataa nasikika kama mtoto mtukutu anayegoma kutumwa dukani. Siku ya tatu tukageuza. Ismene akawa dada mkubwa.

Jamani, kila kitu kilibadilika. Maneno ni yaleyale. Ismene anamkumbusha mwenzake kwamba baba yao alikufa katika aibu, mama yao alijinyonga, kaka zao wawili wameuana, na sasa wamebaki wao wawili tu. Akiyasema mdogo, ni woga. Akiyasema dada mkubwa, ni mtu anayehesabu waliobaki nyumbani na kuona wanaisha. Mimi ni kifungua mimba kwetu. Sauti ile naijua, ndiyo ninayoitumia kwenye simu na wadogo zangu: soma, tulia, usijiingize kwenye mambo ya watu. Sijawahi kufikiri kwamba huo ni woga. Sikufikiri pia kwamba huenda ni woga.

Jambo la pili lilikuwa Creon. Nusu ya kikundi walidhani ni baba mdogo wa wale mabinti, mpaka mmoja wetu akachora ukoo wao kwenye daftari. Creon ni kaka wa mama yao. Ni mjomba. Tena Creon mwenyewe anasema kwamba hata kama Antigone ni mtoto wa dada yake, hatapona. Kwetu mjomba ndiye unayemkimbilia baba akikasirika. Tulipoanza kumwita "mjomba" pale jukwaani, mwenzetu aliyekuwa Creon alisimamisha mazoezi akasema hawezi tena kupayuka kama alivyokuwa anapayuka. Ikabidi atafute sauti ya mtu anayeua watoto wa dada yake huku anaamini anaulinda mji uliotoka vitani juzi. Ni kazi ngumu kuliko kuwa dikteta wa kwenye desa.

Sasa nije kwenye ule ukurasa uliopigwa mstari. Antigone ameshakamatwa. Creon anaamini Ismene naye alihusika, anaagiza aletwe. Analetwa analia. Creon anamwuliza swali la kumtoa kabisa: unakiri ulishiriki kumzika, au unaapa hujui kitu? Angalieni alivyofunguliwa mlango. Neno moja tu, "sikushiriki", na kwa kweli angekuwa anasema ukweli. Huyo mwoga wetu wa kwenye madesa anajibu kwamba alishiriki, ikiwa mwenzake atakubali.

Na mwenzake hakubali. Antigone anamkataa mbele ya mjomba yao: haki haikuruhusu, hukutaka, na mimi sikukushirikisha. Anamwambia wewe ulichagua kuishi, mimi nilichagua kufa. Anasema hampendi mtu anayependa kwa maneno matupu. Ismene anaomba asinyimwe heshima ya kufa naye. Anakataliwa tena. Kisha anamgeukia Creon na kumwuliza kama kweli atamwua mchumba wa mwanawe, maana Antigone ameposwa na Haemon, mtoto wa Creon. Hadi hapo Antigone mwenyewe hajautaja uchumba huo hata mara moja. Anayeutaja ili kumwokoa ni Ismene.

Mandhari hii ina mtego mwingine. Waigizaji wa Kigiriki waliokuwa na maneno ya kusema walikuwa watatu tu, wanaume wote, wamevaa vinyago, wakigawana wahusika wote, ukiacha ile korasi. Pale Ismene anaporudi, wote watatu wanahitajika jukwaani kwa pamoja. Sophocles alikuwa na watu watatu tu wa kutumia, na akaona wanastahili kutumika wote hapa. Mwongozaji wetu alikuwa anamkata mtu wa tatu.

Tulipoanza kuifanyia mazoezi (nilikuwa nimeshabisha kiasi kwamba alikubali tuijaribu mara moja), tulikwama kwenye jambo moja. Antigone anapomkataa dada yake, anamkataa vipi? Anamchukia? Au anamwokoa? Maana katikati ya maneno yale makali anamwambia pia ajiponye, na kwamba hamwonei kinyongo akinusurika. Mwenzangu aliyekuwa Antigone aliijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alinitazama usoni, akanitupia maneno kama mawe. Mara ya pili hakunitazama kabisa, alimtazama Creon, kama mtu anayehakikisha shahidi amesikia kwamba huyu hausiki. Maneno hayakubadilika hata silabi. Mara ya pili nilikaa chini kwenye kimbweta na sikuweza kuendelea.

Nieleze kwa nini, maana bila hilo makala haya yatakuwa ya jukwaani tu.

Mwaka wa pili tulikuwa na kozi moja ambayo mwalimu wake hakuonekana darasani karibu wiki sita. CR wetu aliandika barua kwenda idarani na kupitisha karatasi ya saini. Ilipofika kwangu niliisoma, nikampa aliyekaa pembeni. Sikusaini. Nilijiambia mambo yote ya Ismene: boom lenyewe halitoshi, nyumbani wananitegemea, nikipata tatizo na idara nitasapu, nikidisko nitamweleza nini mama. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Barua ikaenda na majina machache. CR akaitwa kujieleza, kwamba amechochea wenzake.

Usiku wa kuamkia siku ya kuitwa kwake nilikwenda chumbani kwao hosteli. Alikuwa anapiga pasi sketi. Nikamwambia kesho niandike na mimi, ukiulizwa sema tulikuwa wote. Hakuacha kupiga pasi. Akasema, "Barua imeshafika. Wewe hukuwepo, usijiingize." Nikaondoka.

Alipewa onyo la maandishi. Wiki ya tisa tukaletewa mwalimu mwingine, akafundisha vizuri, mimi nikapata B+ kwenye kozi aliyoipigania mtu mwingine. Tangu hapo tunasalimiana tu. Kwa mwaka mzima niliamini alikuwa ananidharau. Mpaka jioni ile kwenye kimbweta sikuwahi kufikiri kwamba pengine alikuwa anafanya lile la pili, la kumtazama Creon. Sijui ni lipi. Sijamwuliza. Ila najua kwamba vyovyote alivyokusudia, mimi nilirudi chumbani kwangu na sikusogelea tena jambo lolote la pamoja hadi nilipojiunga na kikundi cha maigizo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, viongozi wetu na wote mnaojiita wapambanaji. Chuo hiki kina Antigone wangapi? Wanahesabika kwa vidole. Waliobaki ni Ismene. Ni watoto wa kwanza, ni wanaotuma nusu ya boom nyumbani, ni waliobakiza semesta moja, ni waliosoma karatasi wakaipitisha. Mnawajua, na mmewapa majina: wasaliti, vibaraka, watu wa "tusome tumalize". Kila likitokea jambo mnawahesabu kama hawapo. Lakini angalieni kinachotokea baadaye. Wakishaona mwenzao anaumia, baadhi yao wanakuja. Wanakuja wamechelewa, wanalia, wanasema maneno ambayo si sahihi sana. Na nyie mnawaambia nini? Mlikuwa wapi?

Swali hilo ni la haki. Antigone naye alikuwa na haki: Ismene hakushiriki, na huwezi kujipa sifa ya kazi uliyoikataa. Sidai kwamba Ismene alistahili kuandikwa kama aliyemzika kaka yake, na mimi sistahili kuhesabiwa kwenye ile barua. Nachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "hili hukulifanya" na kumwambia "huna chako hapa". La kwanza ni ukweli. La pili linafunga mlango, na atakayeandika barua ya mwakani atatafuta saini atazikosa tena.

Kuna wenzangu kwenye kikundi walinipinga, na hoja yao ina uzito. Walisema ujasiri wa baada ya tukio ni rahisi, kila mtu anapenda kuwa upande wa shujaa akishaonekana ni shujaa. Kwangu mimi hoja hiyo inanichoma, kwa sababu sijui saini yangu ya usiku ule ingenigharimu nini. Pengine kitu kidogo tu. Lakini kwa Ismene haishiki. Alipoulizwa na Creon, adhabu ilikuwa kifo, na alijibu kabla hajajua ataachiwa. Creon anaamua baadaye kumwacha hai. Huwezi kuita hiyo bei rahisi.

Halafu kuna jambo ambalo sikuliona mpaka tulipoisoma tamthilia hadi mwisho kwa sauti. Antigone anapopelekwa kufungiwa ndani ya pango, anajiita wa mwisho aliyebaki katika ukoo wa wafalme wa Thebes. Wa mwisho! Na dada yake yuko hai, ndani ya nyumba ileile. Toka mandhari ile iishe, Ismene hasemi neno lingine hadi pazia, kana kwamba na mtunzi naye kakubali kwamba hayupo. Wengine wamemwacha nje kabisa. Ile tamthilia maarufu ya Afrika Kusini ya mwaka 1973, The Island, inaonyesha wafungwa wawili wakiigiza kesi ya Antigone gerezani, nao wanabaki Creon na Antigone tu. Wafungwa wawili, wahusika wawili, inaeleweka. Sisi tulikuwa watatu na zaidi, hatukuwa na kisingizio.

Mandela naye aliigiza tamthilia hii akiwa kifungoni Robben Island, na nafasi aliyocheza ilikuwa ya Creon. Mfungwa alimwigiza mtawala. Nikilifikiria hilo naona faida ya kuisimamisha tamthilia kwa miguu badala ya kuisoma kimya: unalazimika kukaa ndani ya mtu ambaye usingependa kuwa. Huwezi kuigiza "mwoga". Jaribu, utaona. Unaweza tu kumwambia mtu fulani maneno fulani kwa sababu fulani, na ukishaitafuta hiyo sababu, neno "mwoga" halikusaidii tena.

Kwa sisi tunaosomea ualimu, hili si la kujifurahisha usiku wa sanaa. Karibuni tutapewa darasa na vipindi vya dakika 40, na tutashawishika kuandika tabia za wahusika ubaoni kwa sababu mtihani unazitaka. Tuandike, sawa. Lakini tuwasimamishe wanafunzi wawili mbele, wasome mandhari moja, kisha wabadilishane wahusika, aliyekuwa Antigone awe Ismene. Haihitaji ukumbi wala maleba. Inahitaji dakika 15. Mtoto aliyesema maneno ya pande zote mbili kwa mdomo wake hatamaliza mhusika kwa neno moja tena, na pengine jirani yake naye hatammaliza hivyo.

Mwongozaji wetu alikubali mwishowe. Tulimkata mlinzi, ambaye kwenye tamthilia anaongea sana, na ile korasi ya wazee 15 tukaibakiza watu watatu. Mimi na Antigone tulivaa khanga ya doti moja, kila mtu kipande chake, tumekunja maandishi kwa ndani ili watu wasikilize badala ya kusoma. Usiku wa onyesho, nilipokataa kwenda kuzika, ukumbi ulicheka na mtu akapiga kelele, "Mwoga huyo!" Nilitegemea. Niliporudi nimevaa kipande kilekile, Creon akaniuliza, nikajibu, kelele zikapungua. Antigone akanikataa. Kutoka nyuma kabisa nikasikia sauti ya mwanamke, haikuwa ya kuchekesha: "Aa, mwache naye!"

Sikumwona aliyesema. Kama uliyesema unasoma gazeti hili, asante. Na kwa viongozi wetu, mara nyingine mnapoandika barua, acheni nafasi chini ya saini ya mwisho. Kuna watu watafika usiku.